Ugomvi wa Kaka na Kijiko Kitupu

Karakanani, chumba cha kushonea,
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo? Na kifua je? Mara ya mwisho uliniambia mvuke wa chumba cha kufulia cha hospitali, huko ugenini, unakukausha koo, nikakwambia unywe maji ya moto, ukanicheka. Natumaini unayanywa. Sisi huku hatujambo wote. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Shemeji yako, mke wa Kaka, mzima, na watoto wao wanarefuka mpaka suruali zinawaaga.

Usishangae kuona karatasi. Ulipotoka kwenye kundi la familia bila kuaga nilikupigia, hukupokea. Nikakuandikia ujumbe, ukabaki haujasomwa. Nimebaki na anwani ya kazini kwako tu. Barua huwezi kuizima, ingawa unaweza kuichana. Isome kwanza, halafu kuichana ni haki yako.

Tunajua kwa nini ulitoka. Uliyaona yale maneno mtandaoni, kwenye ukurasa wa karakana yetu ya makochi, kwamba wageni wamejaa, wanakula kazi za wenyeji, wafungashe warudi kwao. Ukajua mara moja ni maneno ya nani. Mimi siandiki kumtetea mtu. Unanijua, katika nyumba hii kazi yangu ni kukaa kwenye cherehani na kuwatazama wengine wakigombana. Nataka tu uipate habari nzima, kwa sababu uliona kipande cha katikati.

Ilianza gazeti moja lilipouliza wasomaji wake mtandaoni kama wageni wapunguziwe vibali vya kazi. Kaka, unajua hatukumwita Jaji bure, hakuna kesi isiyomhusu. Akatia neno lake. Akajibiwa na mtu anayejiita Kijiko Kitupu, ambaye alimwambia kwa adabu kabisa kwamba hajui anachosema. Basi ndugu yangu, pale ndipo kazi ya makochi ilipopata mke mwenza.

Kaka naye ana jina lake la huko, Mwananchi Halisi. Huwa anatumia simu ya karakana kwa kuwa kioo chake ni kikubwa na macho yake hayataki tena maandishi madogo. Utamkuta amepiga magoti mbele ya kochi, pini zimejaa mdomoni, simu inatoa mlio, naye anainuka kama aliyeitwa na hakimu wa kweli. Pini zinabaki mdomoni, vidole vinatembea. Wateja wanasubiri kwenye benchi wakidhani anaagiza sponji.

Walibishana juu ya kila kitu, yeye na Kijiko. Wakiwachoka wageni walihamia kwenye viboko shuleni, kisha kama mabinti wapewe urithi sawa na wavulana. Hapo kwenye mabinti nilimtupia jicho, akajifanya anatafuta pini sakafuni. Kisha wakarudi kwa wageni. Mama alimzoea Kijiko kiasi kwamba akileta chai asubuhi anauliza, "Kijiko ameamkaje leo?" Kuna wakati Kijiko alipotea, Mama akaingiwa na wasiwasi kwamba pengine amelazwa. Kaka akamwandikia kumuuliza kama yupo. Akajibiwa kwamba yupo, alisafiri, na kwamba Mwananchi Halisi bado hajui anachosema. Kaka alicheka kwa furaha, nami nikamshangaa, maana sijamwona akimchekea hivyo hata shemeji yako.

Sasa nikwambie habari za Chaki. Umemsikia kwenye simu tu, kwa kuwa alikuja kwetu wewe ulipokuwa umeshaondoka. Ndiye mkata vitambaa wetu, na jina ni kwa ajili ya ile chaki inayokaa nyuma ya sikio lake hata akienda msibani. Kwao ni ng'ambo ya mpaka. Usimfikirie mtakatifu. Ana maringo, viatu vyake havitaki vumbi, anaimba vibaya kwa sauti kubwa, na hakubali kosa hata kitambaa kikiwa kimeshakatwa na kupungua. Lakini ile picha ya ukurasa wetu, ya mtu aliyekunja nne kwenye kochi jekundu, ni yeye. Kaka mwenyewe ndiye aliyesema hakuna kati yetu anayependeza kwenye kochi kama Chaki.

Siku hiyo Kaka alikuwa ameweka picha ya kochi la mteja kwenye ukurasa wa karakana. Kabla hajatoka humo, Kijiko akamchokoza. Kaka akachemka, akamwandikia jibu refu, kisha akalipenda mno jibu lake hata akaliweka peke yake lisomwe na watu wote. Alidhani anaandika kama Mwananchi Halisi. Kumbe alikuwa bado kwenye jina la karakana. Ndivyo maneno yale yalivyotoka chini ya jina la marehemu Baba, ambalo karakana inalibeba, pembeni yake picha ya Chaki amekunja nne.

Chaki ana tabia ya kubonyeza alama ya moyo kwenye kila kitu tunachoweka. Hasomi, anabonyeza tu, kwa kuipenda karakana. Kwa hiyo moyo wa kwanza kwenye maneno yale ulikuwa wake. Halafu nikamwona, mdogo wangu, nilikuwa mbele yake na cherehani yangu, nikamwona anasoma. Alisoma taratibu, akarudia. Sikujua anasoma nini, nikamuuliza kama nimfungulie kitambaa kingine, akaniambia bado.

Alimaliza kukata kochi alilokuwa nalo. Akafagia meza. Akatundika aproni. Kisha akachukua mkasi wake msumarini, akaufunga kwenye kitambaa na kuutia mfukoni. Hujasahau desturi ya Baba: mkata kitambaa akienda nyumbani anauacha mkasi msumarini, na akiuchukua ndiyo kusema harudi. Hapo nikasimama. Akanipa mkono, akaniambia, "Dada, baki salama," akapita mbele ya Kaka bila kugeuza shingo. Kaka akaniuliza ana nini huyu leo. Nilipoichukua ile simu ya karakana na kumwonyesha, uso ulimshuka.

Alifuta upesi, lakini wewe ulikuwa umeshaona. Jioni tukakuta umetoka kwenye kundi. Na hapa ndipo ninapotaka uelewe jambo moja, kisha uamue mwenyewe. Ulipotuandikia kwamba umekuta kwenye kabati lako la kazini mtu amebandika karatasi ya kukuambia urudi kwenu, Kaka ndiye aliyetusomea ujumbe wako mezani. Alishindwa kuumaliza kwa machozi, nikaupokea mimi. Aliapa kwamba angekuwa huko angemkamata mtu huyo ukosi. Wiki ileile ndiyo aliyoandika yale. Sikuona aibu yoyote machoni pake alipokuwa akiandika, wala sikuona uongo alipokuwa akilia. Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa nashona, sijapata pa kulishonea.

Kesho yake alinitaka nimsindikize kwa Chaki. Anakaa ghorofani, juu ya duka la vioo. Tulimkuta amevaa vizuri kama anayengoja wageni, na mkewe anapiga pasi. Tulikalishwa kwenye kochi ambalo sijawahi kuona mfano wake. Amelivika vipande vilivyobaki vya kazi zetu zote, kila mteja yumo, yule mwalimu wa mauamaua, yule daktari wa kijani, hata mapazia ya Mama ya zamani. Kaka alikaa kwenye mapazia ya Mama.

Akaanza kuomba radhi. Chaki akamkatisha, akasema radhi baadaye, kwanza amsomee alichoandika.

"Nimeshafuta," Kaka akasema.

"Mimi nimehifadhi." Akampa simu yake. "Soma, Kaka. Kwa sauti."

Kaka alikohoa, akaanza. Sentensi ya kwanza aliisoma vizuri, unaijua sauti yake. Ya pili akaikatia katikati. Mke wa Chaki alikuwa amesimamisha pasi hewani.

"Endelea."

"Nimesahau miwani."

"Miwani unayo usoni."

Nilitaka kucheka, Mungu anisamehe, na nilitaka kulia pia. Kaka aliitazama simu, akatazama zile nguo zilizokunjwa, akatazama chini kwenye kochi. Akasema kwa sauti ndogo, "Sikuwa nakusema wewe."

"Ulikuwa unamsema nani?"

"Wale... watu."

"Wale nani? Nitajie mmoja tu unayemjua."

Nadhani alimtafuta kweli kichwani. Nilimwona akitafuta. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu mzima mwenye mvi: kwamba Kijiko alikuwa akimshinda, na yale ndiyo maneno makali kuliko yote aliyoyapata karibu.

Chaki aliichukua simu yake mkononi mwa Kaka. Halafu akasema, "Siku nilipokiharibu kitambaa cha yule daktari hukunipigia kelele. Ulisema tutanunua kingine. Mtu huyo ndiye ninayemjua mimi. Huyu wa kwenye simu simjui, na simpendi." Akatupa chai. Tukanywa, tukashuka ngazi, tukarudi nyumbani.

Sijui kama kuyaandika kwa kutaka ushindi ni afadhali kuliko kuyaandika kwa kuyaamini. Chaki anasema ni vibaya zaidi. Mama anasema ni ujinga, na ujinga anaujua, amezaa watatu. Mimi nakuandikia tu kama nilivyoona.

Chaki hakuja kesho yake, wala siku iliyofuata. Tulikuwa tumeshaanza kumwambia kila mteja angoje. Kisha asubuhi moja nikaingia kufungua madirisha, nikaona mkasi uko msumarini, na mwenyewe yuko mezani anachora mistari, anaimba vibaya. Sikumuuliza kitu. Kaka alipoingia aliuona mkasi kabla ya kumwona mtu, akashika ukingo wa mlango. Wanaongea ya kazi tu. Kitambaa hiki, sponji ile, gundi imekwisha. Utani wao wa zamani haujarudi, na mimi siwaharakishi. Picha ya kochi jekundu, Chaki ametaka iondolewe, tumeiondoa.

Usidhani Kaka ameacha mabishano, simu ingali inalia. Ila sasa anatumia jina lake kamili, lile la kuzaliwa, na kwa jina hilo majibu yake yamekuwa mafupi kiasi kwamba Kijiko amemuuliza kama anaumwa.

Hujaniambia kama ile karatasi ya kabatini ulijua imebandikwa na nani. Kama hujajua, natumaini hutajua. Na kama ni mtu unayefanya naye kazi, anayekugawia chai yake, basi najua kwa nini maneno ya Kaka yalikuuma kuliko yake, na sina la kukupunguzia. Nimekukumbuka sana, Kitinda. Hilo naweza kulisema bila kupima pande zote.

Pokea salamu za watu wako. Mama anasema ule, na upige simu hata kwa kumgombeza mtu. Shemeji yako anakusalimu sana, na watoto wanauliza kama bado wewe ni mjomba wao... nikawasahihisha, wewe ni baba mdogo, na cheo hicho hakina kibali wala hakinyang'anywi. Chaki anakusalimu, mtu na mgeni mwenzake. Anakuambia usirudi kwa hasira, urudi kwa likizo.

Na Kaka aliniona nikiandika, akaniomba karatasi moja akuandikie mwenyewe. Nilimpa tulipomaliza kula. Unamjua, mgeni asiyemjua humjibu kabla chai haijapoa, mistari mingi, bila kufuta. Sasa jua linazama na ndiyo kwanza ameniletea karatasi yake. Nimeikunja humu ndani ya barua yangu. Usidhani kwamba ukurasa mwingine umepotea njiani. Kilichoandikwa ni jina lako tu, si Kitinda, ni lile alilokuwa akikuita alipokuwa akikubeba mgongoni, na mbele yake alama ya mkato. Basi. Upande wa pili nimeutazama, hakuna kitu, ila karatasi imechimbika pale kalamu iliposimama.

Mungu akulinde huko uliko, akupe majirani wanaokujua, na akurudishe kwetu siku utakayotaka mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia.