Kocha, Tumekubali Kushuka

Kocha wangu,

Nakuandikia nikiwa nimechoka, unisamehe mwandiko. Neema amelala kifuani, mkono mmoja umemshika, mwingine ndio huu unaoandika. Siku ile gari lilipokuchukua kwenda kuzikwa kwenu Busia, alikuwa bado tumboni. Kaburi lako sijaliona. Basi nasema na wewe hapa, kama nilivyosema na wewe mlangoni pa karakana, wewe unachomelea geti la mtu, hunitazami, lakini unasikia yote.

Wasichana wa Katwe tungali tunakimbia. Mimi ndiye ninayewasimamia, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali. Viunzi ulivyotutengenezea kwa vyuma chakavu bado tunaviruka. Vya wenzetu ukivigusa vinaanguka. Vyako, ukivigonga unaanguka wewe. Nakato goti lote ni makovu, na ndiyo maana mashindanoni hagusi kitu.

Sasa nikuambie lililonisumbua. Wakuu wa riadha wameipanga ligi upya. Waliita klabu zote kwenye ukumbi kule Nakawa, wakasema yatakuwa madaraja mawili. Klabu kubwa, zile za askari na za vyuo, zibaki juu. Ndogo kama sisi zinaweza kushuka la pili, zikimbie karibu na nyumbani, kwa saa inayojulikana. Haikuwa amri. Kila klabu ndogo ichague yenyewe, kubaki au kushuka.

Nilijua ungesema nini. Miaka yote ulikuwa unasema: "Furaha, nani atakuona ukikimbia na watu wa mtaani? Wenye kazi za kutoa wanaangalia juu." Na kweli, msichana wa timu ya askari anapata mshahara, anapata na chumba. Nakato anataka kufika huko. Mama yake anamtegemea.

Lakini Kocha, kumbuka tulivyokuwa tunakimbia huko juu. Sisi tulikuwa wa mwisho kuitwa, kila mara. Filimbi ikilia unapiga makofi, "Pasheni mwili, pasheni mwili, ni sisi sasa!" Tunaruka, tunanyoosha miguu, halafu wanaitwa wengine. Tunakaa, tunapoa. Filimbi tena, tunainuka tena. Mpaka zamu yetu ifike, nguvu zote tumeshaziacha kwenye nyasi. Jua limeenda. Watazamaji wameenda. Hata huyo mwenye kazi za kutoa ameshaenda kula. Nani alituona? Nauliza tu, sigombani na wewe.

Ukumbini nilikaa nyuma, Neema mgongoni. Mzee mmoja wa klabu ya Bukoto alisimama akapaza sauti, "Banange, jamani, wanatushusha kama magunia ya mihogo!" Watu wakapiga meza. Ikafika zamu ya Katwe. Nikamkaza Neema mgongoni, nikasimama.

Nikasema, "Katwe tunashuka. Lakini anayeshuka apewe na njia ya kupanda. Atakayeshinda chini, mwisho wa msimu akimbie na wa juu. Na aitwe asubuhi, watu wakiwepo."

Yule mzee akanigeukia. "Nyabo, mtoto amekuchosha. Nenda kamnyonyeshe."

"Ameshiba, ssebo," nikamwambia. "Anayengoja jibu ni mimi."

Watu wakacheka, lakini hawakunicheka mimi, walimcheka yeye. Wakuu wakakubali.

Nilidhani nitarudi na furaha. Nakato aliponisikia alivua viatu akavitupa. "Umetuuza. Kocha angekuwa hai usingethubutu." Nikaviokota. Alilosema ni kweli. Usingeniruhusu. Hilo ndilo linalonichosha, Kocha, kuliko kufua nguo za watu, kuliko mtoto. Kukupinga wewe wakati huwezi kunijibu.

Jumamosi tulikimbia mara ya kwanza kwenye uwanja wa shule. Waliita kwa saa waliyosema. Tulipasha mwili mara moja tu. Nakato akaruka viunzi vyote, akashinda, akafika mwisho na pumzi bado anayo. Hakushangilia. Alisimama anajishika kifua, kama hajui hiyo pumzi iliyobaki aifanyie nini. Halafu akaja, akambeba Neema, akaondoka naye. Mimi nikatazama pande zote za uwanja. Mwenye kazi za kutoa hakuwepo hata mmoja.

Basi sijui bado. Natumaini, lakini sijui.

Ninachokuahidi ni hiki. Mwisho wa msimu nitasimama mbele ya waamuzi mpaka wamwite Nakato asubuhi kama walivyosema, hata wanifukuze. Wasichana hawatazoea kukaa chini kwa sababu mimi nilichoka. Akionwa, akapata kazi, nitakuja kwako nikuambie kwa mdomo wangu. Asipoonwa, nitakuja vilevile, nikae hapo, unigombeze.

Pumzika, Kocha. Ulisimama sana kwa ajili yetu.

Ni mimi,
Furaha, Mama Neema