Breki za Nyuma za Pijo ya Marehemu

Jumatatu, 24 Novemba 2025

Ejoku amekuja asubuhi kulitoa gari la marehemu mume wangu kibandani. Hakuniuliza. Amesema ndilo litakalompeleka Vivian wetu kanisani Chakol Jumamosi, na kwamba yeye, ndugu ya baba yake, ndiye atakayeendesha na kumkabidhi kwa bwana harusi. Pijo 404! Tangu tumzike Ongodia halijatoka getini. Kumbe Ejoku alibaki na funguo siku ya matanga. Mjane ni mlinzi tu wa mali za wenyewe.

Nilimwonyesha tairi za nyuma, zimelowa kwa ndani. Mafuta ya breki. Silinda za breki za nyuma zinavuja — zilivuja hata mume wangu akiwa hai, na ni mimi niliyekuwa nikikanyaga breki yeye akilala chini kutoa hewa kwenye mafuta. Ejoku akacheka. Eti mama Vivian siku hizi ni fundi.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua. Methuselah, fundi kutoka Malaba, amefungua magurudumu. Silinda zimeliwa na kutu, raba zimekuwa uji. Alisema hizi ni za kubadilisha tu. Amezitafuta Malaba, akavuka hadi upande wa Uganda. Hakuna. Labda Kisumu, wiki ijayo.

Nikapendekeza gari la jirani yangu Benta, Probox. Lo! Ejoku alifoka mbele ya watu: "Binti ya Ongodia aende kanisa na Probox? Watu wa Chakol watasema nini?" Wazee wa ukoo wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Wazee hao hao ambao hawajanibishia hodi tangu mazishi. Nimechoka kunyamaza.

Alhamisi, 27 Novemba

Wameliosha gari. Linang'aa. Halivuji hata tone. Silinda zimetoka wapi tangu jana?

Ijumaa, 28 Novemba

Wanaume walipokuwa kwenye chungu cha ajon, pombe ya wimbi, na mirija yao, nilitandika gunia nikaingia chini ya gari. Silinda ni zile zile! Paipu ya shaba inayopeleka mafuta nyuma imekatwa, ncha ikakunjwa na kupondwa kwa koleo, kama mtu anavyofunga mdomo wa mfuko wa sukari. Ndiyo maana halivuji. Mafuta hayafiki nyuma kabisa. Gari zima linategemea breki za mbele, na barabara yenyewe ni utelezi, matrela yamepanga foleni ya mpakani.

Nikampigia Methuselah. Hakukana. "Mama, mimi nilikataa. Shemeji yako akasema gari ipatikane Jumamosi ama aite fundi mwingine. Nikamwambia aende polepole."

Polepole! Ejoku!

Nikamweleza Vivian. Alikuwa akisukwa, hata hakugeuka. "Mama, hata hii? Umepinga tarehe, umepinga keki, umepinga Uncle kunipeleka. Wacha basi hii moja." Ni kweli nilipinga hayo yote. Sasa hata ninaposema kweli, wao wanadhani ni wivu tu.

Jumamosi, 29 Novemba

Imenyesha tangu alfajiri. Nimewaeleza wazee, mmoja baada ya mwingine. Wamesema nisilete kisirani siku ya furaha. Benta, Mungu ambariki, alileta Probox yake hadi barabarani bila kuitwa. Ejoku amemwambia aisogeze, inaharibu picha.

Vivian ameingia Pijo, kiti cha nyuma, shela imejaa hadi dirishani. Niliongea naye kupitia kioo. Hakukishusha.

Boma letu linateremkia getini. Nimeshuka, nikaketi katikati ya geti, matopeni, na gauni langu jipya la gomesi. Naandika, daftari chini ya leso, ili nisitazame nyuso zao. Akina mama wananivuta mikono, wananibembeleza, mmoja analia. Siondoki. Ejoku amewasha gari kule juu, ametoa kichwa dirishani: "Mama Vivian, toka hapo! Breki ya mbele inatosha!"

Nimemjibu kwa sauti wote wasikie: kama inatosha, teremka nalo hadi hapa, shemeji.

Injini inanguruma. Hateremki. Anajua! Anajua vizuri kabisa! Na kuna mtu anamhimiza kutoka kiti cha nyuma — Uncle, twende, tunachelewa — na sauti hiyo ni ya Vivian —