Arobaini kwa Arobaini

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Mimi sijambo, moyo tu ndio una vituko vyake, lakini mwenye moyo ni mzima. Simu ninayo, ila simu ni ya mambo ya dunia. Mtoto anaandikiwa barua.

Juzi kliniki ya moyo walitupa mtihani. Maswali manane: unajua kutafuta habari za afya mtandaoni, unaweza kupambanua za kweli na za uongo, mambo hayo. Kila swali unajipa alama mwenyewe, moja hadi tano. Muuguzi akasema hakuna jibu la makosa. Sasa mtihani usio na makosa, mjinga gani ajipe mbili? Nimejipa tano zote. Arobaini kwa arobaini. Seremala jirani yangu, anayejifanya msomi, kaambulia kumi na tisa, wamemwandikisha darasa la kutumia simu kila Jumanne. Mimi sihitaji. Cherehani ilishinda imelala, nilikuwa napita mtaani nikiwaeleza watu.

Na elimu yangu imeanza kazi. Kuna daktari kwenye video, koti jeupe, anasema vidonge vya kutoa maji vinaua figo. Nimeviacha. Leo siku ya pili.

Baba yako, Fundi

15 Machi

Baba, shikamoo.

Sisi wazima, mjukuu wako ameota meno mawili. Barua yako nimeisoma nimesimama. Vidonge vile ndivyo vinavyozuia maji yasijae kifuani. Uliambiwa mbele yangu. Huyo daktari ni nani, anatibu wapi? Nakuomba rudi kwa muuguzi, umwambie zile alama si zako. Najua ni neno zito kwako. Lakini wao wanaiamini ile karatasi.

Mwanao

24 Machi

Mwanangu,

Salamu nimezipata. Nirudi nikaseme nilidanganya, na seremala yupo pale na masikio yake? Watoto wa siku hizi mnamfundisha mzazi kumeza. Viatu vinabana kidogo, ni joto. Habari hizi tuziache.

Baba yako

2 Mei

Baba, shikamoo.

Barua zangu mbili hazijajibiwa, na simu yako haipatikani. Vidonge sitauliza. Niandikie neno moja tu, hata la kunigombeza.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Hujambo, na mjukuu? Naandika nikiwa wodini, nimeegemea mito mitatu, kulala chali bado siwezi. Maji yalifika kifuani. Seremala alinikuta mlangoni natafuta pumzi, akanibeba mgongoni, na uzee wake ule. Mpaka leo hajanicheka. Hilo linaniuma kuliko sindano.

Uliuliza yule daktari ni nani. Simjui. Niliona koti. Na makoti kama lile nimeshona mimi mwenyewe, wala sijapata kumuuliza mteja ana cheti gani.

Jana nilimwomba muuguzi ailete tena ile karatasi. Akasoma swali la kwanza. Nikamwambia, “Soma polepole, binti yangu. Hata siku ile sikuelewa.”

Tumemaliza nina tisa. Anasema hajawahi kuona mtu wa kushuka kutoka arobaini hadi tisa, kwa hiyo hapo pia hakuna wa kunifikia.

Vidonge nameza, yeye akiangalia. Ukipata likizo, njoo. Usipopata usihangaike, utanikuta.

Baba yako