Maziwa Katika Mto Lowa

Walikale, tarehe 9 Aprili 2013

Kwa dada yangu mpenzi Kétsia, huko Moanda,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Habari ya afya yako, na ya masomo yako kando ya bahari? Sisi huku tuko, kwa neema tu. Papa mdogo Védaste bado anakohoa, lakini anakula. Barua hii anaibeba Mama Agathe, yule mfanyabiashara wa Butembo, hadi Goma. Kutoka hapo Mungu ataipeleka.

Ujumbe wako niliupata. Uliandika kwamba tulimuacha Mama njiani kama mugeni, na kwamba vita vikitulia tumtoe kaburini, tumpeleke nyumbani Kirolirwe alale karibu na Papa. Sikukasirika, dada. Niliona tu kwamba hujui mambo yalivyokwenda, maana siku ya msiba mtandao ulikatika kabla sijamaliza kusema.

Tulipokimbia, watu walibeba magodoro na sufuria. Mama alibeba kibuyu cha maziwa, kile cha bibi, ambacho hakikuwahi kuwa kitupu, kwa sababu kila mara alibakiza kidogo ndani kiwe mbegu ya kugandisha maziwa ya kesho. Hapa tulipofikia hakuna ng'ombe. Mbegu ile aliilisha maziwa ya unga ya Mama Agathe, huku akimtania: huyu ng'ombe wako wa dukani analala wapi, na pembe zake ziko wapi?

Jioni aliwaeleza majirani kazi yako. Alisema Kétsia wangu anachunguza vijidudu vya bahari, visivyoonekana kwa macho. Majani ya misitu yetu yanaoza, mito inayabeba hadi kwake, vijidudu vinayala. Kaboni nyingine vinaipumua irudi hewani, nyingine inazama katika matope ya mikoko. Na sasa, kwa kuwa bahari inapata joto, vinakula kwa pupa na kupumua kupita zamani. Unakumbuka ulipomweleza hayo likizo ya mwisho? Alikujibu, "Iko kama maziwa karibu na moto, mutoto wangu. Yanachacha mbio, yanasukuma kifuniko." Ulicheka mpaka ukamwaga chai yako.

Sasa nikuambie lile ambalo mtandao ulilikata. Homa ilipomzidi, alituomba tumpeleke kwenye Lowa. Akauliza kama kweli maji yale yanafika kwako. Nilimwambia yanaingia Lualaba, kisha mto mkubwa, kisha bahari ya Moanda. Akafungua kibuyu, akamimina mbegu yote mtoni. Papa mdogo akapiga kelele. Unajua kwetu kumwaga maziwa ni kuwalaani ng'ombe. Mama akasema, "Nyamaza, Védaste. Siyamwagi. Niko namutumia Kétsia. Vijidudu vyake navyo vionje maziwa ya Kirolirwe." Kisha akachagua mwenyewe mahali pa kuzikwa, juu kidogo ya ukingo, akasema hapo ndipo njia ya kwenda kwa mtoto wake inapoanzia.

Hatukumuacha, dada. Alikuwa anakuja kwako. Lakini wewe ndiye mkubwa. Ukisema tumhamishe, tutamhamisha. Ila kwanza teremka ufukweni, uguse maji.

Papa mdogo anakusalimu sana. Kibuyu ninacho mimi. Kimekauka, lakini nikikifungua bado kinanukia jiko letu la nyumbani. Ukichota maji ya bahari kwa kazi yako, unikumbuke na mimi.

Mdogo wako,
Mutesi