Papa Alphonse Bahizire, Mtangazaji wa Sabuni Aliyetusemea Kinshasa

Mwaka umetimia, Papa Alphonse, tangu kipaza sauti chako kinyamaze, na bado kila asubuhi tunatega masikio tukidhani utapita. "Allô, allô, Bukavu! Mumeamuka?" Nani angeendelea kulala? Hata majogoo wa mtaa wetu wa Bagira walikuwa wanakusubiri wewe uanze!

Serikali ilipokataza majina ya Kizungu ilikuandika citoyen, yaani raia, Bahizire, nyumbani ukabaki Papa Alphonse. Kabla yako, mwenye duka wa mji huu aliandika jina lake juu ya mlango, akakaa kungoja wateja kama anayengoja mvua. Wewe ukafunga vipaza sauti viwili juu ya ile Volkswagen yako mbovu, ukachora ubavuni mwake mwanamke anayecheka na beseni la povu, na soko la Kadutu likajaa watu mpaka polisi wakaja kuuliza kuna nini.

Lakini ulikuwa na mwiko wako. "Kitu yenye haikulala kwangu siwezi kuitangaza," uliwaambia wafanyabiashara, na kweli kila kitu kililala kwetu nyumbani kwanza, tukakijaribu: sabuni, chumvi, redio, mawese. Godoro moja lilipasuka chini ya mwanao wa kwanza, Donatien, kabla wiki haijaisha. Ukalibeba kichwani mchana kweupe, ukamrudishia mwenyewe dukani kwake. Mkeo, Maman Colombe, alilalamika kwamba nyumba imegeuka depo ya bidhaa, huku akizificha zile sabuni nzuri zisirudi.

Halafu mwaka 1977 ukatuambia unagombea kuwa komisere wa watu, yaani mbunge, uende kutusemea Kinshasa. Chama kilikuwa kimoja, wagombea tele! Maman Colombe akakushika mkono: "Papa Donatien, batu bakikucheka, nani atakuamini tena, hata juu ya chumvi?" Tuliogopa kweli, maana sauti yako ndiyo iliyotulisha.

Ikafika siku ya soko la Walungu. Wenzako walijisifu hadi watu wakapiga miayo. Zamu yako ukaahidi barabara, ukaongea vizuri, kisha joto lilipokupanda mdomo ukashika njia yake ya kila siku: "...na tena haichubui mikono, Sabuni Kipendo!" Eeh, Papa! Soko zima likaangua kicheko. Tantine Adélaïde, dada yako, akajifunika uso kwa kitenge. Tukajua yamekwisha.

Ndipo Maman Nsimire, muuza maharagwe, akapanda juu ya gunia lake. "Munacheka nini? Huyu alisema sabuni haichubui mikono. Muangalie yangu! Mutu hakutudanganya juu ya sabuni, atatudanganya juu ya barabara?" Akainua mikono, na wanawake wa soko wakainua yao, vigelegele vikapaa hadi mlimani! Redio iliposoma jina lako kati ya waliochaguliwa, Bagira nzima ilicheza, na sisi tulipiga kelele mpaka tukakaukiwa na sauti. Volkswagen iligoma kuwaka siku hiyo, tukaisukuma wenyewe mitaani huku tukiimba.

Hata kwenye ukubwa mwiko wako haukukuacha. Kabla ya kuisemea dispensaire yoyote, zahanati za vijijini, ulikwenda kulala humo. Moja ilikunyeshea usiku kucha, ukapanda ndege na mafua yako, ukawaambia wakubwa: "Nililala mule. Inavuja." Mabati yakaja. Barabara ya Walungu haikumalizika, na wewe ndiwe uliyekuwa wa kwanza kulitangaza hilo, ukipita juu ya mashimo yenyewe. Walungu wakakupigia makofi!

Ni kitu kimoja tu ambacho hukukitangaza maisha yako yote, nacho ni wewe mwenyewe. Mtu akikuuliza, Papa Alphonse, wewe ni mtu wa namna gani, ulikuwa ukicheka. "Hiyo mutauliza benye banalala na mimi nyumba moja."

Tunaokukumbuka ni mkeo Colombe. Watoto wako Donatien, Delphine na Edouard. Dada yako Adélaïde. Wajukuu wako, wanaogombania usukani wa Volkswagen isiyotembea tena. Na Maman Nsimire, aliyetuambia tusithubutu kumsahau hapa.

Basi, Papa, tumeulizwa. Allô, allô, Bukavu! Huyu alilala kwetu miaka yote, mvua na kiangazi, na hatuna cha kumrudishia mtu dukani. Tunamtangaza kwa sauti kubwa: alikuwa mtu mwema. Hutasahaulika kwetu, Papa, hata siku moja.