Meza Iliyogeukia Dirisha

Tarehe 4 Februari

Dada,

Shikamoo. Hamjambo wewe na shemeji, na huyo mtoto mwenye sauti ya king'ora? Mimi mwili mzima, moyo ndio umechoka.

Narudi nyumbani. Miezi saba napiga pasi hapa kwa dobi, na kila siku kola zangu zinarudishwa. Bosi anainua shati, anasema, "Hii umeipiga pasi au umeibembeleza?" Wenzangu wanacheka. Mimi nanyamaza, unanijua. Amesema mkono wangu ukiwa huu huu mpaka mwisho wa mwezi, nikatafute kazi nyingine. Bora niondoke kwa miguu yangu. Jumamosi tarehe 24 nitapanda basi.

Ukiniuliza mji huu ukoje, sina la kukuambia. Nafika asubuhi, nasimama mezani, mbele yangu ukuta. Una ufa mmoja mrefu. Ule ufa naujua kuliko watu.

Mdogo wako

Tarehe 10 Februari

Mdogo wangu, Bwana Kimya,

Marahaba. Wazima sote. Mtoto kaota jino, sasa anauma kila kitu, hata shemeji yako.

Kurudi, rudi, chumba nimeshakifagia. Ila barua yako imenichekesha ikanikasirisha. Miezi saba unatazama ufa! Mimi hapa saluni nikichoka nahamisha kiti tu. Vichwa ni vile vile, lakini siku inakuwa nyingine. Hiyo meza imejengewa? Igeuze! Hata kwa hizi siku chache, uone watu, ukija uwe na la kusimulia.

Tarehe 24 nitakuwa kituoni saa nane.

Dada yako

Tarehe 25 Februari

Wewe!

Salamu zisubiri. Jana nimesimama kituoni tangu saa nane mpaka saa kumi na moja, mtoto mgongoni. Basi likaja. Akashuka mama mwenye godoro, wakashuka wanafunzi, akashuka hata kondakta kunyoosha miguu. Wewe hukushuka. Nikapanda mwenyewe kuangalia viti vya nyuma, maana usingizi wako naujua. Dereva akauliza, "Mama, umepoteza nini?" Nikamwambia, "Mdogo wangu. Mrefu, hasemi."

Unaumwa? Umefukuzwa? Andika hata mstari mmoja.

Dada yako

Tarehe 2 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, na nisamehe sana. Siumwi, sijafukuzwa. Mbusu mtoto, akiniuma basi.

Nilikuandikia tarehe 21 kwamba usije. Barua nikampa mwenzangu wa kufua aiposti. Leo napiga pasi koti lake la kazi, nasikia mfukoni kuna kitu kigumu. Ile barua niliyokuandikia! Imefuliwa, imeanikwa, na mimi mwenyewe nimeipiga pasi. Mifuko ya wateja tunaipekua yote. Yetu, hakuna anayeigusa.

Sasa kaa chini nikwambie. Meza niliigeuza Jumatano asubuhi, kabla wenzangu hawajafika, ikatazama dirisha. Nikachukua shati nililomaliza jana yake. Dada, kola ilikuwa imejaa mikunjo! Nikadhani nimekosea, nimebeba lisilopigwa. Nikachukua la pili, vile vile. Ndipo nikaelewa. Pale ukutani taa ilikuwa nyuma yangu. Nikiinama, kivuli cha kichwa changu kinaangukia kwenye kola pale pale. Miezi saba nanyoosha kitu nisichokiona.

Bosi akaingia. "Nani kahamisha meza yangu?" Ukutani aliiweka yeye, kwa sababu aliyekuwepo kabla yangu alikuwa anasalimia wapita njia mpaka akaunguza suruali ya bwana harusi.

"Mimi," nikasema. Sauti ilitoka kama mlango usiotiwa mafuta.

"Kwa nini?"

Nikashika shati, nikamwambia, "Bosi, njoo usimame hapa ukutani." Mimi, dada, namwamuru bosi! Akaja. Akainama, akatazama kola. Akaenda dirishani, akatazama. Akarudi tena ukutani.

"Na hiki kivuli cha nani?"

"Chako, bosi."

Wenzangu wakacheka, safari hii si mimi niliyechekwa. Bosi alijikaza, kisha naye mabega yakaanza kutikisika. Akasema, "Haya. Unipigie mashati thelathini mpaka Jumamosi jioni. Likirudi moja, na meza inarudi."

Ndiyo maana sikupanda basi. Jumamosi saa nane, wewe umesimama kituoni, mimi nilikuwa kwenye la ishirini na sita. Nilimaliza kabla jua halijazama. Bosi akazipitia kola zote kwa kidole, mara mbili. Halikurudi hata moja. Akasema, "Jumatatu uwahi."

Basi sirudi, dada. Hicho chumba mpe mtoto acheze.

Na watu sasa nawaona. Ng'ambo kuna mama wa duka la nyuzi, mlango wake haufunguki mpaka aupige teke mara tatu, la tatu kwa hasira. Kuna mzee anatembea na mwavuli hata jua likiwaka, akifika dirishani kwangu anaunyanyua kunisalimia. Siku mbili niliitikia kwa kichwa tu. Ya tatu nikaanza mimi.

Jana mama wa nyuzi alivuka barabara akaniuliza jina langu. Nikalisema. Akasema hajasikia. Nikaweka pasi pembeni, nikalisema tena, kwa sauti, mpaka watu wawili wasionihusu wakageuka.

Mdogo wako