Goti la Kufika Sakafuni

Baba yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Nauliza hali ya goti kabla ya yako, maana wewe utajibu "tuko sawa" hata ukiwa hujainuka kitandani. Mimi huku Muscat ni mzima, joto tu ndilo linatukaanga.

Baba, picha ya eksirei ya goti lako aliyonitumia kaka Rashidi nimemwonyesha daktari wa mifupa wa wodi ninamouguza wagonjwa. Ni mama mtu mzima, hana haraka. Aliniwekea mezani magoti mawili ya bandia. La kwanza ni lile nililokusimulia kwenye simu, ambalo umekuwa ukilingojea ukakataa operesheni ya Kisumu. Lina vyuma viwili, plastiki katikati, na nyuma limechongwa likunjike sana. Nililishika nikakuona umefika chini, paji la uso kwenye mkeka.

Akaniambia, "Hili hushikiliwa na kano za mwenyewe. Za baba yako zimekwisha. Likiwekwa litateguka."

Akanisogezea la pili, zito, lina bawaba kama mlango. Hilo litakusimamisha na kukufikisha msikitini kwa miguu yako. Lakini kusujudu chini, hapana. Na ukikawia, hata kutembea hutatembea.

Nilimshukuru, nikaenda chumba cha mashuka nikalia. Sikufichi. Nilikuwa nasikia ile kauli yako: "Kiti ni ya cherehani, Zuhura. Mbele ya Mungu siwezi kaa kama nashona suruali." Zamani ilinichekesha. Sasa Rashidi ananiambia doa la sijda kwenye paji lako limeanza kufifia, na moyo wangu umevunjika.

Nakuomba ukubali la bawaba. Daktari wa Kisumu alisema hilo hilo, sisi tukamwona hajui kazi. Rashidi akupeleke kwake, mumwombe radhi. Halafu usali kwenye kiti, Baba, nikukute ukitembea.

Nisalimie shangazi Mwanaisha anayekukanda mafuta, na fundi mwenzako pale Kaloleni anayekulindia cherehani. Rashidi mwambie asichoke kukubeba.

Mimi huku kila rakaa nina sijda mbili. Ya kwanza naomba yangu. Ya pili ni yako, Baba, na kwa hiyo siinuki upesi.

Binti yako,
Zuhura